Ukitaka kuipandisha kasi prosesa, chunga volti

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu Kariakoo au Luthuli Avenue, zile Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, haziwezi kupandishwa kasi hata uwe fundi wa namna gani. Prosesa zake nyingi zimefungwa kiwandani, na hata ukichomeka isiyofungwa hutapata kitu, kwa sababu mazabodi za ofisini hazikuwekewa mahali pa kubadilisha namba za kasi. Naanza na hili makusudi. Kuna vijana wanaopoteza Jumamosi nzima wakifuata video, wakipekua BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya mazabodi, ukurasa kwa ukurasa kutafuta kitu ambacho kwenye mashine yao hakipo.

Wanaoweza wako makundi mawili. La kwanza ni wenye prosesa ya Intel ambayo namba yake inaishia na herufi K, kama Core i5-2500K ya mwaka 2011, nayo iwe imekaa kwenye mazabodi inayoruhusu, ambayo kwa kawaida jina la chipu yake huanza na herufi Z. La pili ni wenye AMD Ryzen. Tangu Ryzen zilipoingia sokoni mwaka 2017, karibu zote zimeachwa wazi, isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Mazabodi za daraja la B na X zinaruhusu, ila zile za A320 zimefungwa. Laptop iache kabisa. Feni yake na mfumo wake wa umeme vilipimwa kwa kile kilichomo, na nafasi ya kuongeza hakuna.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Ndani ya prosesa kuna mapigo yanayoongoza kila hesabu, na mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha. Mazabodi hutoa mapigo ya msingi, siku hizi megahezi 100, kisha prosesa inayazidisha kwa namba iliyopangiwa. Ikipangiwa 36, inakwenda kwa megahezi 3,600, yaani gigahezi 3.6. Ukibadilisha 36 ikawa 40, umefika gigahezi 4. Hiyo ndiyo ovakloki inayozungumzwa na wacheza gemu na wahariri wa video: unaitaka prosesa ifanye kazi kwa kasi ambayo mtengenezaji hakuiahidi. Kuandika namba hiyo kunachukua nusu dakika. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba prosesa inaimudu, leo na miaka ijayo.

Zamani faida ilikuwa kubwa mno. Agosti 1998 Intel walitoa prosesa ya bei ya chini, Celeron 300A, iliyokuwa ikitumia mapigo ya msingi ya megahezi 66 mara 4.5, ikafikisha 300. Watu wakagundua kwamba ukiihamishia kwenye mapigo ya msingi ya megahezi 100, yaliyokusudiwa Pentium II za bei ghali, nyingi zilikubali na kufika megahezi 450. Hilo ni ongezeko la nusu nzima, bure. Mazabodi kama Abit BH6 ziliruhusu mabadiliko hayo kwenye menyu, na wenye mazabodi zisizoruhusu waliziba mguso mmoja wa prosesa, ule wa B21, kwa kipande chembamba cha utepe ili mazabodi iamini kwamba imechomekewa prosesa ya megahezi 100.

Iliwezekana kwa sababu prosesa nyingi hukatwa kutoka sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa na kupangwa kwa madaraja. Soko likitaka za bei ya chini kwa wingi, hata zilizo bora huuzwa kwa jina la chini. Zaidi ya hapo, mtengenezaji huacha akiba, maana hajui kama prosesa itakaa kwenye chumba cha baridi Helsinki au dukani Tanga chini ya feni iliyojaa vumbi. Mpandisha kasi anaila akiba hiyo.

Siku hizi akiba hiyo inaliwa na kiwanda chenyewe. Tangu mwaka 2008, Intel walipoleta Turbo Boost kwenye Core i7 za kwanza, prosesa hujipandisha zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Anayeanza leo asitegemee maajabu ya Celeron. Asilimia tano hadi kumi kwenye viini vyote (cores) ni mavuno mazuri, na kwenye prosesa mpya kabisa hata hayo huwa magumu kuyapata.

Volti ndiyo inayoua

Watu wengi wanaogopa gigahezi, na hofu hiyo wameiweka pasipo pake. Prosesa iliyopewa kasi isiyoiweza kwa volti zake za kawaida itaganda, itazima na kuwaka upya, au itakuletea skrini ya bluu. Ukiirudisha kwenye kasi ya awali inaamka nzima. Kinachoila prosesa ni volti pamoja na joto linaloletwa na volti hizo.

Hesabu yake inafaa kila anayeanza aijue kabla hajagusa chochote. Umeme unaoliwa na prosesa, ambao wote unageuka joto, unakua sawasawa na kasi, lakini kwa volti unakua kwa kipeo cha pili. Tuseme prosesa inafanya kazi kwa gigahezi 3.6 na volti 1.2. Ukiipandisha hadi 3.9 bila kugusa volti, joto linaongezeka kwa asilimia nane tu, sawa na kasi uliyoipata. Ukiipandisha hadi 4.0 na kulazimika kufikisha volti 1.35, kasi imekua kwa asilimia 11 lakini joto limekua kwa asilimia 41. Ukitaka kusogea tena kutoka 4.0 hadi 4.1, na prosesa ikadai volti 1.42, unalipa asilimia 13 za joto kwa asilimia mbili na nusu za kasi. Hapo biashara imekwisha, na mwenye busara anarudi hatua moja nyuma.

Madhara ya volti hayaonekani siku hiyo. Ndani ya prosesa kuna nyaya nyembamba mno za shaba, na mkondo mkubwa wa umeme ukipita humo kwenye joto kali husukuma chembe za metali kidogo kidogo mpaka njia ziharibike. Tabaka za kuhami nazo huchakaa. Mashine iliyokuwa imara kwa gigahezi 4.1 inaanza kuganda baada ya miezi, na mwenye nayo anaongeza volti ili kuituliza. Anaizidishia kile kile kilichoichakaza.

Kiasi cha mkondo wenyewe ni cha kushangaza. Prosesa inayokula wati 100 kwa volti 1.3 inavuta ampea 77 hivi. Birika la umeme la wati 2,000 nyumbani kwako linavuta ampea tisa tu. Ampea zote hizo zinapita kwenye vijenzi vidogo vilivyopangwa kandokando ya soketi ya prosesa, vinavyoshusha volti 12 za pawa saplai hadi volti moja na kitu. Kwenye mazabodi nzuri vimefunikwa vipande vya alumini vya kupozea, na kwenye mazabodi za bei ya chini vimeachwa wazi. Kama vyako viko wazi, mimi nakushauri usipandishe volti hata kidogo. Vijenzi hivyo vinaweza kuungua kabla prosesa haijahisi kitu.

Anayedhani hofu ya volti ni ya watu waoga atazame yaliyozipata kampuni zenyewe. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 za kundi la X3D ziliungua kwenye soketi, na AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya prosesa inayohudumia RAM na shughuli nyingine za pembeni, kwa kuwa baadhi ya mazabodi zilikuwa zikiipandisha zaidi ya hapo mtu anapowasha mpangilio wa kasi wa RAM. Mwaka uliofuata Intel walikiri kwamba prosesa zao za Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikijiombea volti kubwa kupita kiasi na kuzeeka mapema. Agosti 2024 walitoa marekebisho yaliyozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, wakaongeza na dhamana kwa miaka miwili. Wengi walioathirika hawakuwa wamepandisha chochote. Ukinunua Core i7 au i9 ya vizazi hivyo iliyokwisha kutumika, sasisha BIOS kabla hujaanza kuifanyisha kazi.

Mfano wa Ryzen 5 2600

Tuchukue prosesa moja tuifuate mpaka mwisho: AMD Ryzen 5 2600, iliyotoka Aprili 2018. Ina viini sita. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.4, na kiini kimoja kikiachiwa kazi peke yake hufika 3.9. Viini vyote vikibanwa hukaa karibu na 3.6 au 3.7. Nimeichagua kwa sababu iko wazi, mazabodi za B450 zinaikubali, na tabia yake inajulikana.

Usafi ndio unaotangulia. Puliza vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya hitisinki. Kama mashine ni ya mitumba, badilisha na pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki, maana ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Hapa ndipo wengi wanapoumizwa. Kwenye soketi ya AM4, ndiyo ya 2600, prosesa ina miguu 1,331 midogo kama nywele, na pesti iliyokauka hushika kama gundi. Ukiivuta hitisinki moja kwa moja juu, inaweza kuing'oa prosesa pamoja nayo, na miguu ikapinda. Washa kompyuta kwanza, ipe kazi nzito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, izime na chomoa waya wa umeme, fungua vibano, kisha izungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinyanyue.

Hitisinki iliyokuja na prosesa hii, Wraith Stealth, ni fupi na ya alumini. Inatosha kwa kasi ya kiwandani tu. Anayetaka kupanda atafute ya mnara, yenye mabomba ya shaba na feni ya sentimita 12. Fedha hiyo haipotei, kwani hata ukiamua mwishoni kubaki na kasi ya kiwandani, mashine itapoa na itapunguza kelele.

Kisha pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote. Programu ya HWiNFO inaonyesha joto na volti, na Cinebench inaipa prosesa kazi ya kuchora picha na kukuandikia alama. Andika alama hizo kwenye daftari, andika joto la juu kabisa lililofikiwa, na andika joto la chumba. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, na piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS ulivyo. Picha hizo zitakuokoa usiku utakaposahau ulibadilisha nini.

Sasa ingia BIOS. Weka kizidishio 37 na volti 1.25, uziandike kwa mkono. Usiziache volti zijipange zenyewe, kwa kuwa mazabodi ikikisia hukisia juu, na unaweza kukuta 1.4 kwa kasi ambayo ingetosheka na 1.25. Hifadhi, washa, endesha Cinebench kwa dakika kumi ukitazama joto. Ikipita, nenda 38. Ikipita tena, punguza urefu wa hatua: Ryzen hukubali kupanda kwa robo ya kizidishio, yaani megahezi 25 kila mara. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kanuni hii wengi wanaivunja kwa haraka zao, kisha mashine ikigoma hawajui iligomea nini.

Itafika mahali itagoma. Hapo una njia mbili: urudi hatua moja na uridhike, au uongeze volti kidogo, 0.0125 au 0.025, ujaribu tena. Mipaka yangu kwa prosesa hii ni volti 1.35 na nyuzi 85 za Sentigredi kwenye jaribio zito. AMD wanaitaja nyuzi 95 kuwa kikomo, lakini kikomo ni mahali ambapo prosesa inaanza kujipunguza yenyewe ili ijinusuru. Hapafai kuwa makazi ya kila siku. Nyingi za 2600 huishia kati ya gigahezi 3.9 na 4.1. Yako ikiishia 3.9, usione umeonewa, maana prosesa mbili za jina moja hazilingani hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja.

Kuna jambo moja la Ryzen ambalo video nyingi hulipita juu juu. Ukiipangia kasi maalumu, ule uwezo wake wa kujipandisha kiini kimoja hadi 3.9 unazimika. Ukiishia 3.8 kwa viini vyote, umepata faida kwenye kazi ya kutoa video iliyokamilika lakini umepoteza kwenye gemu na programu zinazotegemea kiini kimoja. Chini ya 3.9, rudisha ya kiwandani.

Kwenye BIOS utakuta pia mpangilio unaoitwa kwa kifupi LLC. Prosesa ikibanwa na kazi nzito, volti hushuka kidogo, na LLC huzishikilia zisishuke. Chagua daraja la kati. Daraja la juu kabisa hufanya volti ziruke kwa ghafla kazi inapoisha, juu ya kile ulichoandika, na HWiNFO haina kasi ya kukuonyesha mruko huo.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa baada ya kubadilisha namba, usipaniki. Mazabodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha hurudi zenyewe kwenye mpangilio wa kiwandani. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika chache, irudishe. BIOS itasahau kila kitu na utaanza upya.

Joto la huku kwetu

Wengi wanaofundisha kazi hii kwenye video wanaifanya katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 bila taabu, na Mombasa hivyo hivyo. Hitisinki haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuizuia isizidi joto la chumba kwa kiasi fulani. Kama inaizuia isizidi nyuzi 55 juu ya chumba, mwalimu wa video anasoma 76 kwenye skrini yake na wewe unasoma 87 kwa mpangilio ule ule, hitisinki ile ile. Kwa hiyo namba za mtu wa Ujerumani au Kanada usizinakili. Jaribu saa nane mchana, siku ya jua, madirisha yakiwa katika hali yao ya kawaida. Mashine iliyopita mtihani saa nane usiku haijapita mtihani.

Ndiyo maana kwa mtu wa pwani mwenye Ryzen 5000 au mpya zaidi, ninaona kushusha volti kuna faida kubwa kuliko kupandisha kasi. Prosesa hizo zina mpangilio unaoitwa Curve Optimizer unaoruhusu kila kiini kitumie volti pungufu kwa kasi ile ile. Joto likishuka, prosesa inapata nafasi ya kujipandisha yenyewe na kukaa juu kwa muda mrefu zaidi. Unapata kasi na ubaridi kwa pamoja. Majaribio yake ni yale yale, na subira ni ile ile.

Umeme nao una neno. Usisasishe BIOS bila UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kubaki bubu. Pawa saplai za bei ya kutupa, zilizoandikwa wati 500 kwenye karatasi huku ni nyepesi mkononi kama boksi tupu, zisihusishwe na kazi hii hata kidogo.

Mtihani wa kweli

Dakika kumi za Cinebench zinatosha kati ya hatua na hatua. Hazitoshi mwishoni. Ukishapata kasi unayoitaka, endesha Prime95 au OCCT kwa saa kadhaa. Prime95 ilitengenezwa kwa ajili ya mradi wa kutafuta namba tasa kubwa, ulioanza mwaka 1996, na ikawa kipimo cha wapandisha kasi kwa sababu hesabu za jaribio lake zina majibu yanayojulikana. Prosesa ikikosea, hata tarakimu moja, programu inasimama na kusema. Ni kali kuliko kazi yoyote utakayoipa kompyuta yako, kwa hiyo jicho lisitoke kwenye joto dakika za mwanzo.

Ukali huo una sababu yake. Kompyuta inayozima ghafla inakuudhi lakini haikudanganyi. Ya kuogopwa ni ile inayokosea kimya kimya. Faili lililofungwa linakataa kufunguka wiki mbili baadaye, au video ya harusi inatoka na mabaka ya kijani pale pale bibi harusi anapokata keki, na wewe unailaumu programu. Pekua rejista ya matukio ya Windows. Ukikuta makosa yaliyoandikwa WHEA, mara nyingi ni prosesa iliyokwisha kukosea na kujisahihisha, na namba zako ziko juu mno hata kama mashine haijawahi kuganda. Punguza.

RAM iguse baadaye, peke yake. Mpangilio wa XMP unaowashwa kwa kubonyeza mara moja nao ni kupandisha kasi. Ryzen 5 2600 inatambuliwa rasmi na AMD hadi DDR4-2933, kwa hiyo RAM ya 3200 tayari imevuka mstari. Mara nyingi inakubali. Ipime kwa MemTest86, mizunguko kadhaa, prosesa ikiwa kwenye kasi ya kiwandani, ndipo uunganishe vyote viwili na kupima tena.

Baada ya vipimo vyote, tumia mashine wiki nzima kwa mambo yako binafsi kabla hujaikabidhi kazi ya mteja. Na zipo kompyuta zisizostahili kupandishwa kamwe: iliyobeba hesabu za SACCOS, iliyobeba kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, iliyobeba tasnifu ya mtu. Dakika chache zinazookolewa hapo hazina thamani ya kosa moja.

Ni nani basi anayenufaika? Mhariri wa video, mchora ramani za majengo anayetoa picha za pande tatu, mcheza gemu ambaye prosesa yake inaichelewesha kadi ya picha. Kwa 2600 iliyofika gigahezi 4.0, kazi ya kutoa video iliyokuwa ikichukua saa moja itamalizika kwa dakika 54 au 55. Kwa mtu mwenye harusi nne kila mwisho wa wiki hilo ni jambo. Kwa anayeandika barua, kusoma mtandaoni na kujaza majedwali, tofauti hataiona. Na kama kompyuta yako bado inatumia diski ya zamani inayozunguka, fedha ya hitisinki ipeleke kwenye SSD. Hakuna gigahezi itakayokupa unafuu utakaoupata hapo.

Dhamana pia iangaliwe mapema. AMD hawafidii prosesa iliyoharibika kwa kupandishwa kasi, hata kama imepandishwa kwa kutumia nyenzo zao wenyewe. Kwa prosesa ya mwaka 2018 hilo halina uzito tena. Kwa iliyonunuliwa mwezi uliopita lina uzito mkubwa.

Intel walipoanza kufunga vizidishio miaka ya 1990, sababu moja waliyoitaja ilikuwa walaghai waliokuwa wakifuta maandishi ya juu ya prosesa za kasi ndogo na kuchapa namba kubwa ili wauze kwa bei ya juu. Mnunuzi alikuja kujua mashine ilipoanza kuganda. Soko letu la mitumba lina watu waaminifu wengi, na linaishi kwa uaminifu huo. Siku utakapoiuza kompyuta uliyoipandisha kasi, rudisha BIOS kwenye mpangilio wa kiwandani mbele ya mnunuzi, mwonyeshe daftari lako la volti na joto, na umwambie ilifanya kazi kwa volti ngapi na kwa muda gani. Akipunguza bei, ipokee. Ana haki ya kujua anachonunua.